Kisa cha Darkthrone: Ukaidi Uliookoa Albamu Moja na Kuichafua Nyingine

Mwezi Agosti 1991, vijana wanne wa Kolbotn, mji mdogo ulio kusini kidogo ya Oslo nchini Norwei, waliingia katika studio ya mjini kwao na kurekodi albamu ambayo lebo yao ya Uingereza, yaani kampuni iliyotoa rekodi zao, haikuitarajia wala kuiomba. Lebo ilikuwa ikisubiri mwendelezo wa albamu ya kwanza, yaani death metal, tawi zito la muziki wa metali, yenye ufundi mwingi, mapigo yanayogeuka kila baada ya muda mfupi na magitaa mazito yaliyorekodiwa kwa uangalifu. Ilichopelekewa ni nyimbo sita zenye sauti nyembamba, baridi na yenye makwaruzo, ambazo kwa sikio la fundi wa kawaida zilionekana kama kazi iliyoachwa njiani. Bendi hiyo ni Darkthrone, na albamu ni A Blaze in the Northern Sky. Kisa kinachochambuliwa hapa ni jinsi uamuzi huo ulivyofikiwa, kwa nini lebo ilikubali hatimaye, na kwa nini tabia ileile ya kukataa kurekebishwa, iliyoiokoa albamu hiyo, ndiyo iliyowatumbukiza katika aibu miaka miwili tu baada ya kutoka kwake.

Bendi ilianza mwaka 1986 kwa jina la Black Death. Mwanzilishi wake alikuwa Gylve Nagell, mpiga dramu aliyekuja kujulikana kwa jina la Fenriz, akiwa na Ivar Enger, baadaye Zephyrous, kwenye gitaa. Walikuwa vijana wa miaka kumi na kitu ambao ari yao ilizidi sana uwezo wao wa kupiga. Mwishoni mwa 1987 walichukua jina la Darkthrone, na ndani ya muda mfupi wakawapata watu wawili walioinua kiwango chao: Ted Skjellum, ambaye wengi wanamfahamu kama Nocturno Culto, na Dag Nilsen aliyeshika besi. Kati ya 1988 na 1989 walitoa demo nne, yaani rekodi za majaribio, zikasambaa kama zilivyosambaa kazi zote za muziki wa chini kwa chini wakati huo: kanda zilizonakiliwa nyumbani, zikatiwa kwenye bahasha na kutumwa kwa posta kwa watu ambao hawakuwahi kuonana ana kwa ana.

Peaceville, lebo iliyochipuka katika mazingira ya punk ya Uingereza na kuendeshwa na Paul Halmshaw, maarufu kama Hammy, iliwapa mkataba wa albamu nne. Kwa vijana hao hiyo haikuwa lebo yoyote tu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikitoa kazi za Autopsy, bendi ya Marekani ambayo Fenriz hajawahi kuchoka kuisifia. Albamu ya kwanza, Soulside Journey, ilirekodiwa mwaka 1990 huko Stockholm katika studio ya Sunlight chini ya fundi Tomas Skogsberg, mahali palipokuwa pameshaipa death metal ya Uswidi sauti inayotambulika, ikatoka Januari 1991.

Ni albamu nzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu masimulizi mengi ya black metal, tawi la metali lenye sauti baridi na ya kikatili ambalo bendi hii ilikuja kulifuata, huipita haraka, kana kwamba ilikuwa utoto ambao bendi ilipaswa kuuvuka, ilhali anayeisikiliza kwa makini atakutana na wapigaji wanaobadilisha mwendo katikati ya wimbo bila kuyumba, dramu zenye hesabu ngumu na magitaa yanayojibizana kwa mpangilio ambao haukuwa wa kawaida hata kwa bendi za Uswidi zilizokuwa zikirekodi palepale. Jambo hili ni la msingi katika kisa chote, kwa kuwa linaondoa maelezo rahisi kuliko yote, kwamba Darkthrone waliikimbia death metal kwa sababu iliwashinda. Haikuwashinda. Waliiacha wakiwa wanaiweza, na ndiyo maana lebo ilishindwa kuwaelewa.

Chanzo cha mabadiliko kilikuwa usikilizaji. Kati ya 1990 na 1991 walirudi kwenye rekodi za miaka ya themanini ambazo wakati huo zilionekana zimepitwa: Bathory wa Uswidi, Hellhammer na mrithi wake Celtic Frost kutoka Uswisi. Rekodi hizo zilikuwa na kasoro nyingi za kiufundi, lakini zilikuwa na kitu ambacho death metal ya mwaka 1991, iliyokuwa imejaa bendi zenye sauti moja na studio zilezile, ilikuwa ikikipoteza, nacho ni hali. Msikilizaji wa death metal alikuwa akihesabu ufundi. Msikilizaji wa Bathory alikuwa akijiona yuko mahali fulani, usiku, peke yake. Vijana wa Kolbotn waliamua kwamba hali ndiyo wanayoitaka na kwamba ufundi, kwa kiasi ulivyokuwa ukiizuia, uondolewe.

Mwaka 1991 Øystein Aarseth, mpiga gitaa wa bendi ya Mayhem aliyejiita Euronymous, alifungua duka la rekodi mjini Oslo lililoitwa Helvete, ambalo upesi likawa kijiwe cha wanamuziki wachanga wa aina hii. Habari za uhalifu zilizolizunguka kundi hilo baadaye zimeufunika mchango wake wa kimuziki, jambo linaloeleweka lakini linalomwacha mchambuzi na picha nusu. Fenriz mwenyewe amewapa Euronymous na Snorre Ruch wa bendi ya Thorns sifa ya kubuni upigaji wa gitaa uliokuja kuwa alama ya Norwei. Katika death metal mpigaji huzibana nyuzi kwa kiganja ili zitoe mapigo mafupi na mazito. Katika mtindo huu mpya aliziacha zilie wazi, akawa anazikwangua kwa kasi bila kupumzika huku mkono wa kushoto ukisogeza taratibu mikusanyo ya nota yenye huzuni, hadi nota zikaungana na kuwa kama ukuta mmoja unaotetemeka. Mtindo huo haustahimili usafi wa studio. Ukiongeza besi nyingi na kuyatenganisha magitaa, ukuta unabomoka na kubaki mtu anayekwangua nyuzi. Kwa hiyo wanaoeleza sauti nyembamba ya albamu ya 1992 kuwa ni umaskini au uzembe wanapitwa na sababu ya msingi, kwamba muziki ulioandikwa ndio uliodai sauti hiyo.

Gharama ya kwanza ya uamuzi ilikuwa ya ndani. Dag Nilsen hakutaka kupiga black metal. Alikubali kurekodi besi kwenye albamu hiyo kama mwanamuziki wa kusaidia tu, kisha akaondoka. Gharama ya pili ilikuwa kazi iliyokwishafanyika. Bendi ilikuwa na akiba ya nyimbo za death metal zilizokwisha kufanyiwa mazoezi na kurekodiwa bila sauti ya mwimbaji, ambazo zingetosha kuwa albamu ya pili. Zilitupwa kando, na hazikusikika rasmi hadi 1996, zilipotoka kwa jina la Goatlord baada ya Fenriz kuziwekea sauti mwaka 1994. Bendi changa yenye albamu moja sokoni, inayotupa kapuni nyimbo zilizo tayari na kumpoteza mwanachama ili ifuate mtindo ambao bado hauna soko, inafanya jambo ambalo mshauri yeyote wa biashara angelikataza.

Peaceville ilipoisikiliza kazi hiyo ilisita, na ilitaka sauti zichanganywe upya ili ifanane zaidi na kitu kinachouzika. Bendi ilikataa. Ilieleza kwamba kama lebo haiwezi kuitoa albamu kama ilivyo, wangeipeleka kwa Deathlike Silence Productions, lebo ndogo ya Euronymous. Baada ya mvutano huo Peaceville ilikubali, na A Blaze in the Northern Sky ikatoka Februari 1992 bila kubadilishwa.

Hapa ndipo kisa kinapofaa kuchunguzwa kwa makini, kwa kuwa kwa mtazamo wa kawaida wa mapatano bendi haikuwa na nguvu yoyote. Lebo ndiyo iliyokuwa na mkataba, mtandao wa usambazaji na jina. Deathlike Silence haikuwa mshindani wa kweli wa Peaceville: ilikuwa na rekodi chache mno, na fedha zake zilikuwa za kuungaunga. Tishio la kuhamia huko lilikuwa sawa na kusema kwamba tuko tayari kuuza nakala chache zaidi, kulipwa kidogo zaidi na kusikika na watu wachache zaidi, mradi tu msiiguse kazi yetu. Lakini hapo ndipo nguvu yao ilipokuwa. Lebo humdhibiti msanii kwa kile anachoogopa kukikosa, na hawa hawakuwa na hofu ya kukosa soko, kwa sababu soko lenyewe walikuwa wanaliona kuwa sehemu ya kilichoiharibu death metal.

Lipo pia suala la hesabu. Albamu ilikuwa imeshakamilika, imerekodiwa nyumbani Kolbotn bila safari ya kwenda ng'ambo. Peaceville ikiikataa ingebaki mikono mitupu na bendi yenye kinyongo. Ikiitoa, hasara yake ingekuwa ndogo. Kwa maoni yangu, asili ya lebo katika punk nayo ilichangia, kwani mtu aliyekulia katika muziki unaojivunia ukwaruzi na kujitegemea hawezi kwa urahisi kumwambia kijana wa miaka 20 kwamba rekodi yake ni chafu mno. Kampuni kubwa ingeiweka albamu kabatini na kuisahau.

Jalada lilikamilisha uamuzi. Albamu ya kwanza ilikuwa na mchoro wa rangi kama zilivyokuwa albamu nyingi za death metal. Ya pili ina mtu mmoja tu, Zephyrous, aliyenaswa na mwanga wa kamera katikati ya giza, uso umepakwa rangi nyeupe na nyeusi mfano wa maiti, mdomo wazi. Picha nzima ni nyeusi na nyeupe. Hakuna joka, hakuna mandhari, hakuna bendi iliyojipanga mstari. Mtu akiiona kisha akausikiliza wimbo wa kwanza, unaoanza kwa ngoma za taratibu na sauti nzito zinazonung'unika kama ibada kabla magitaa hayajafumuka, na kuendelea kwa zaidi ya dakika 10, ataona kwamba picha na sauti vimetokana na wazo moja. Jalada hilo limeigwa mara nyingi kiasi kwamba leo ni vigumu kukumbuka lilivyokuwa geni.

Jambo moja ambalo masimulizi ya kishujaa huliacha ni kwamba albamu yenyewe ni mseto. Kulikuwa na muda mfupi sana kati ya uamuzi na kurekodi, na baadhi ya vipande vya gitaa viliandikwa awali kwa ajili ya death metal, vikavalishwa mavazi mapya. Msikilizaji makini husikia mishono: mapigo yanageuka ghafla kwa mtindo wa zamani, kisha ukuta wa nyuzi wazi unarudi. Mimi naiona mishono hiyo kuwa sehemu ya thamani ya albamu, kwa kuwa inaonyesha bendi ikibadilika papo hapo mbele ya msikilizaji. Albamu ya black metal tupu ilikuja mwaka 1993 kwa jina la Under a Funeral Moon, kavu zaidi na isiyo na mabaki ya zamani. Baada yake Zephyrous aliondoka, wakabaki wawili, Fenriz na Nocturno Culto, na ndio waliopo hadi leo.

Kufikia hapo mazingira yalikuwa yameharibika. Kanisa la kale la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, lilichomwa Juni 1992, na makanisa mengine yakafuata. Agosti 1993 Euronymous aliuawa kwa kisu na Varg Vikernes wa Burzum, mradi mwingine wa black metal ya Norwei, ambaye Mei 1994 alihukumiwa kifungo cha miaka 21, adhabu ya juu kabisa nchini humo wakati huo. Darkthrone hawakuwa kitovu cha uhalifu huo, lakini walikuwa ndani ya kundi hilohilo, na muziki wao uliofuata unatokana moja kwa moja na miezi hiyo.

Transilvanian Hunger ilirekodiwa Novemba na Desemba 1993 kwa mashine ndogo ya nyumbani ya njia nne, yaani kinasa sauti cha kaseti kinachoigawa tepu ile nyembamba katika sehemu nne ili kila ala iwekwe kwa wakati wake. Fenriz alipiga kila kitu mwenyewe. Nocturno Culto aliweka sauti. Wimbo unaobeba jina la albamu una zaidi ya dakika sita, na dramu zake zinakwenda mwendo mmoja usiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, bila pigo la mbwembwe, huku gitaa likizunguka juu ya vipande vichache tu. Mpiga dramu yuleyule aliyekuwa akibadilisha hesabu kila mstari kwenye Soulside Journey sasa anakataa kubadilisha hata mara moja. Mtu akifika dakika ya tatu huacha kusubiri kitu kitokee, na hapo ndipo wimbo unapoanza kufanya kazi yake. Kimuziki, hapa ndipo uamuzi wa 1991 ulipofikishwa mwisho wake.

Maandishi yaliyoandamana na albamu yakaleta fedheha. Mashairi ya nyimbo nne yaliandikwa na Vikernes, ambaye tayari alikuwa mahabusu. Nyuma ya jalada la toleo la kwanza yalichapishwa maneno yaliyoutaja muziki huo kuwa black metal ya Kinorwei na ya Kiarya, neno ambalo Wanazi walilitumia kwa watu waliowadai kuwa wa jamii bora. Zaidi ya hayo, bendi ilipeleka kwa lebo tamko lililosema kwamba albamu hiyo iko juu ya ukosoaji wote, na kwamba yeyote atakayeikosoa atakuwa ameonyesha tabia ya Kiyahudi. Wasambazaji walipong'aka, Peaceville ilitoa maelezo yake ya kujitenga na maneno hayo, huku ikisema haiwezi kuwazuia wasanii kusema watakalo. Bendi nayo ikaomba radhi, ikasema haikuwa ya kisiasa, na ikaeleza kwamba vijana wa Norwei walilitumia neno la Kiyahudi kwa maana ya jambo lolote baya au la kipuuzi.

Maelezo hayo hayaondoi kosa. Kama ni kweli kwamba jina la watu lilikuwa tusi la kawaida mitaani, basi kosa ni la bendi na la mitaa pia, na bado hayaelezi neno la Kiarya lililochapishwa nyuma ya jalada, ambalo halikuwa na matumizi ya mzaha. Fenriz katika miaka iliyofuata amezungumzia kipindi hicho kwa majuto, akikiri kuwa alikuwa amezama katika hasira na mawazo ya kijinga. Lakini swali la mchambuzi ni jinsi maneno hayo yalivyopita mikono yote hadi kiwandani, na jibu limo katika ushindi wa 1992. Bendi ilikuwa imejifunza kwamba kila anayetaka kurekebisha kitu ni adui wa kazi. Lebo ilikuwa imejifunza kwamba kuingilia ni kuipoteza bendi. Kanuni iliyofaa kwa uchanganyaji wa sauti ilihamishiwa kwenye maandishi ya jaladani bila mtu yeyote kuuliza kama mambo hayo mawili yanafanana, na hayafanani, kwa kuwa gitaa lenye makwaruzo halimdhuru mtu, ilhali maneno yale yalilenga watu walio hai. Peaceville, iliyokuwa na ujasiri wa kuhoji miksi mwaka 1991, ilipaswa kuhoji ukurasa mmoja wa maandishi mwaka 1994. Ilichagua kujitenga kwa maneno huku ikiendelea kuuza.

Mkataba wa albamu nne ukawa umekwisha, na bendi ikahamia Moonfog, lebo ya Oslo ya Satyr wa bendi ya Satyricon. Panzerfaust ya mwaka 1995 ilibeba tamko, kwa lugha ya matusi, kwamba Darkthrone si bendi ya Kinazi wala ya kisiasa. Miaka ya Moonfog sitaijadili kwa urefu. Ina nyakati nzuri na nyakati za uchovu, na haibadilishi kiini cha kisa.

Katikati ya muongo wa 2000 walirejea Peaceville na kuanza kurekodi wenyewe kwa vifaa vyao. The Cult Is Alive ya 2006 ilichanganya black metal na punk, na albamu zilizofuata zikaelekea kwenye metali ya miaka ya themanini bila kuomba ruhusa ya mashabiki waliotaka mwaka 1992 urudi. Jukwaani walikwishaacha kupanda tangu miaka ya tisini. Fenriz alifanya kazi katika shirika la posta kwa miaka mingi, na baada ya uchaguzi wa mitaa wa 2015 alijikuta mjumbe wa akiba wa baraza la mji wake kwa tiketi ya chama cha kiliberali, baada ya kampeni yenye picha yake akiwa amempakata paka na ombi kwamba asipigiwe kura. Mwaka 2020 Maktaba ya Taifa ya Norwei iliiweka A Blaze in the Northern Sky katika maonyesho yake ya historia ya utamaduni wa nchi hiyo. Maktaba ilikuwa sahihi kuchagua hiyo na kuiacha Transilvanian Hunger, ingawa ya pili ndiyo iliyoigwa zaidi na bendi za chumbani duniani kote. Ya kwanza inaweza kuonyeshwa bila maelezo ya kuomba radhi pembeni.

Ushahidi wa mwisho umo katika rekodi za karibuni. Kwa Eternal Hails ya 2021 waliacha kurekodi wenyewe na kuingia katika studio ya Chaka Khan mjini Oslo, yenye fundi wake, wakapata sauti pana na ya joto inayozifaa nyimbo ndefu za mwendo wa polepole walizokuwa wameandika, na Astral Fortress ya 2022 ikarekodiwa hapohapo. Baadhi ya mashabiki walilalamika kwamba ukwaruzi umeondoka. Lakini mwaka 1991 bendi hii haikuwa ikitetea ukwaruzi kwa ajili ya ukwaruzi wenyewe. Ilikuwa ikitetea haki ya walioandika nyimbo kuamua zitasikika vipi, na miaka 30 baadaye waliitumia haki hiyohiyo kuchagua kinyume chake.